Mzee wa Snuka kwenye Meza Iliyoinama

Tumemzika Mzee Magesa kule Butiama hivi karibuni, na mpaka leo nina hasira. Siyo hasira ya kifo. Mtu aliyefika umri ule, kaona wajukuu na vitukuu, Mungu akimwita unasema asante na unakwenda kula pilau. Hasira yangu ni ya wasifu. Kijana mmoja wa ukoo alishika kipaza sauti akaanza kusoma: marehemu alizaliwa, akabatizwa, akasoma, akaajiriwa, akaoa, akastaafu. Mimi nilikuwa safu za nyuma kwenye kiti cha plastiki, nimenyoosha shingo, najisemea sasa inakuja, sasa inakuja. Ikaja. "Katika uhai wake marehemu alipenda michezo." Basi! Akarukia ugonjwa. Alipenda michezo, jamani? Mimi napenda michezo. Jirani yangu anayetukana tivii kila Jumapili anapenda michezo. Yule mzee alikuwa bingwa wa snuka wa klabu zote za ukanda huu wa ziwa, na uzeeni akajitosa kwenye pool ya vijana, akitaka kuicheza kwa kulipwa, wakati mji mzima unasema hawezi. Niliyaona kwa macho yangu haya. Sijawahi kuona kitu kama kile tena, na nimeishi.

Kilichonimaliza kabisa ni foleni ya chakula. Mbele yangu walisimama wanaume wawili wenye mvi, sahani mkononi, na nikawasikia wakibishana kwa sauti ya chini ya msibani. "Snuka ni snuka, pool ni pool," mmoja alisema huku akichagua mnofu. "Ile siku ilikuwaga bahati tu." Mwenzake akamwambia, "Bahati sawa, lakini uliiona meza yenyewe?" "Meza ilikuwa na nini?" "Ah, basi wewe hukuwepo." Nilitaka niwageukie niwape vidonge vyao, lakini msibani mtu unajiheshimu. Nikala, nikanawa, nikarudi zangu Bunda ninakoishi sasa, na njia nzima ule mwaka ukawa unanirudia, harufu zake na kelele zake, mpaka nilipofika nyumbani nikakuta nimesahau hata kununua mkaa.

Mwaka ule nilikuwa msichana wa baa. Nasema bila aibu, maana wapo waliotaka nione aibu. Shangazi yangu Rhobi alikuwa na baa Nyasho, pale Musoma, na mimi ndiye niliyekuwa natoa vinywaji, nakaanga samaki na kuitunza meza ya pool. Nyasho ukichimba kidogo tu unagonga mwamba, na fundi aliyejenga ile baa hakuwa na ugomvi na mwamba. Alimwaga saruji juu yake, sakafu ikafuata jiwe lilivyolala. Ukidondosha chungwa mlangoni, unalikuta stoo. Sasa meza ya pool ilisimama juu ya sakafu hiyohiyo, nayo ikainama upande wa stoo vilevile, siyo sana, kiasi cha jicho kutokuona lakini mpira kuona. Hakuna aliyewahi kusema ni ubovu. Ndiyo ilikuwa meza yetu. Masatu, muuza sato aliyekuwa nahodha wa timu ya baa, aliijua kama mtu anavyoijua tabia ya mke wake. Alikuwa anapiga mpira nje ya shimo kabisa, halafu anageuka kuchukua bia yake bila hata kutazama, na huku nyuma meza inauvuta mpira taratibu mpaka unadumbukia. Wageni walikuwa wanalia. Kwetu tulikuwa hatufungiki.

Mzee Magesa aliingia mchana mmoja wa jua kali, wakati napara samaki. Amevaa shati jeupe la mikono mirefu lililopigwa pasi mpaka linakata, kizibao cheusi na miwani, na mkononi ana kisanduku chembamba kirefu cha ngozi. Nikajua ni mtu wa kuhubiri, maana wale ndio waliokuwa wanatuingilia mchana. "Shikamoo mzee," nikamwambia, tayari najipanga kumkatalia wokovu. "Marahaba, binti. Hiyo ndo pool?" "Ndo yenyewe." Akaizunguka polepole, akaweka kiganja juu ya kitambaa akakipapasa, akachungulia shimo moja, halafu la pili. "Ndogo," akasema. "Na mashimo yake kama midomo ya viboko." Akaagiza soda ya tangawizi, akafungua kile kisanduku. Ndani kulikuwa na fimbo ya kuchezea iliyogawanyika vipande viwili, imelala kwenye kitambaa chekundu, imeng'aa kwa kushikwa. Alipoanza kuiunganisha, akiizungusha kipande kwa kipande kwa vidole vyake virefu, baa nzima ilicheka. Masatu alisema, "Mzee, hiyo ni ya kuchezea au ya kuzibulia bomba?" Na yeye akacheka, bila kinyongo kabisa, akaendelea kuzungusha.

Tulikuja kumfahamu kidogokidogo, kwa jinsi alivyokuwa anakula. Alikuwa anakuja mchana, anakula ugali wa udaga, ule wa muhogo, na sato wa kuchemsha, na akishalamba vidole ndipo anaongea. Alikuwa karani wa serikali maisha yake yote ya kazi, amepanga chumba mtaa wa Mukendo, na kila jioni baada ya kazi alikwenda klabu moja ya zamani karibu na ziwa, ambako kulikuwa na meza ya snuka. Meza ile, alisema, kubwa kama chumba, mipira midogo, mashimo membamba yasiyosamehe, na watu wanacheza kimya kama kanisani. Huko ndiko aliwafunga wa Mwanza, akawafunga wa Bukoba, akavuka hadi Kisumu akawafunga na wao. Halafu klabu ikachoka na snuka. Chumba kile wakakifanya ukumbi wa harusi, meza wakaibomoa. Chini ya kitambaa meza ya snuka ina mabamba mazito ya jiwe, laini kama kioo, na bamba mojawapo alilinunua mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Mukendo akaliweka mlangoni liwe ngazi. Nilipita naye pale siku moja tukienda kununua chaki. Watu walikuwa wanapanda na kushuka na viatu vyao vya matope. Mzee aliinua mguu juu sana, akaliruka lile jiwe, akaingia dukani bila kulikanyaga.

Ila jambo lenyewe, lile lililokuwa linamnyima usingizi, alilisema siku moja akiwa anachambua miiba. Mkewe alikuwa Butiama. Miaka yote ya ajira yeye alikaa Musoma na mama akakaa kijijini, akalima, akafuga, akalea watoto, akazika wakwe, na yeye alikuwa anakwenda mwisho wa wiki kama mgeni. Makubaliano yao yalikuwa akistaafu anarudi nyumbani. Sasa alikuwa amestaafu, na badala ya kurudi alikuwa amekwenda kuomba. "Nimemwomba mama Sabina mwaka mmoja," alisema. "Mmoja tu." Shangazi akamuuliza, "Na yeye akasemaje?" "Akasema, mwaka mmoja Baba Sabina, halafu hiyo fimbo yako utachungia mbuzi." Tulicheka mpaka shangazi akapaliwa. Mzee hakucheka sana. Kulikuwa na bwana mmoja wa Mwanza aliyekuwa anaunda timu ya wachezaji wa pool wa kulipwa, na alikuwa ametangaza kwamba atakayeshinda mkoa mzima wa Mara mwaka ule atamchukua. Mzee alikitaka kile kiti kwenye timu. Akikikosa, anarudi Butiama na fimbo inawekwa juu ya dari. Na hata akikipata, bado kulikuwa na mama Sabina na ahadi yake. "Mimi sijui kitu kingine, Bhoke," aliniambia, akitumia jina langu kwa mara ya kwanza. "Kazi niliifanya kwa sababu ililipa chumba. Hiki ndicho ninachokijua."

Basi mji ukapata cha kubishania. Nilisikia hoja zote maana mimi ndiye niliyekuwa nafuta meza wakati zinatolewa. Walimu walisema atashinda, kwamba mtu aliyezoea shimo jembamba ukimpa shimo pana ni kama kumpa mlevi funguo za baa. Vijana wakasema thubutu, snuka ni mchezo wa kutulia na pool ni mchezo wa fujo, atazoeaje kelele. Fundi wetu wa redio akaleta hoja ya mpira mweupe: kwenye meza za baa ule mweupe ni mzito na mkubwa kidogo kuliko mingine, ili ukidumbukia meza iutambue na kuurudisha, kwa hiyo mkono wa snuka uliozoea mpira mwepesi utapotea. Na wengine walisema tu, kwa urahisi wa watu wenye afya, kwamba ni mzee. Hoja hiyo ya mwisho nimeanza kuisikia vizuri zaidi siku hizi. Mwaka jana nilijiandikisha kujifunza kuendesha gari. Mwalimu wangu ni mtoto mdogo kabisa, ananiita bibi, na nikizima injini kwenye kona watu wanasimama kunitazama. Kila nikitaka kushuka niondoke, namkumbuka yule mzee na kizibao chake kwenye baa ya Nyasho, anafungwa na wauza dagaa, anasema "umecheza vizuri," anakwenda kukaa.

Maana alifungwa, jamani. Wiki za mwanzo alifungwa na kila mtu. Nilimfunga hata mimi. Alikuwa anainama, kidevu kinagusa fimbo, mkono unakwenda na kurudi laini kabisa bila kutetereka, na mpira unaondoka kwenda pale hasa alipoutuma. Halafu karibu na shimo unabadilisha mawazo, unaelekea stoo. Kila mara alinyanyuka akautazama ule mpira kwa mshangao wa mtu aliyesalimiwa vibaya na mtoto wa kaka yake. Baadaye akagundua. Asubuhi moja alifika na pima maji aliyoazima kwa fundi muashi, ile yenye kile kitone cha hewa kinachoogelea, na vipande vya mbao. Shangazi alikuwa sokoni. Nilimsaidia kuinua miguu ya meza, tukachomeka mbao, akapima, tukachomeka tena, mpaka kile kitone kikatulia katikati. Jasho lilikuwa linamtoka, na uso wake ulikuwa umefurahi kama wa mtu aliyefanyia kijiji wema. "Sasa," alisema, "kila mtu atacheza kwa haki."

Jumamosi hiyo timu ya Bunda ilikuja kucheza na yetu. Sitaki hata kukumbuka, lakini nacheka. Masatu alipiga mpira wake wa kwanza nje ya shimo kama kawaida, akageuka kuchukua bia, na mpira ukaenda moja kwa moja ukagonga ukingo ukasimama. Akarudia. Ukasimama. Akainama chini ya meza akaziona zile mbao. Vijana wetu wote walikuwa wamejifunza mchezo kwenye meza iliyoinama, mikono yao ilikuwa imeinama nayo, na sasa hakuna aliyeweza kutumbukiza hata mpira ulioko mlangoni. Tulifungwa kwetu, mbele ya wake zao na mashemeji. Bunda walipoondoka wakiimba, Masatu alimwendea mzee, na nikaogopa maana alikuwa mtu wa mabega. Lakini alichosema alikisema polepole. "Mzee, meza haikuwa na shida. Wewe ndo ulikuwa na shida." Mzee Magesa akaiegemeza fimbo ukutani, akavua kizibao, akalala chini kwenye saruji na shati lake jeupe, akaanza kuzitoa zile mbao moja moja. Alipotoka huko chini ana vumbi mpaka kwenye nyusi akamwambia Masatu, "Nifundishe."

Hapo ndipo mwaka wangu ulipoanza, naweza kusema. Kabla ya hapo nilikuwa najua watu wazima ni watu waliokwisha kumaliza kujifunza. Sasa kila mchana nilikuwa namwona bingwa wa ziwa zima amekaa kwenye kreti la soda, anamsikiliza muuza samaki akimweleza jinsi ya kuuachia mpira uende na mteremko wake. Alikuwa anausukuma mweupe peke yake, taratibu, kutoka kila kona, anautazama unavyopinda. Na mimi nikamfundisha kupasua. Kwenye pool mchezo unaanza kwa kulipasua lundo la mipira kwa nguvu, na yeye, kwa tabia ya snuka, alikuwa analigusa kwa adabu kama anabisha hodi. Nilivumilia, nikashindwa. "Mzee, samahani. Unatumia mikono tu. Hujawahi kutwanga?" "Sijawahi." "Basi samahani tena. Hapo ni kiuno." Shangazi alinitolea macho kutoka jikoni, mtoto wa kike kumwambia mzee habari za kiuno. Lakini yeye alitikisa kichwa kama ameambiwa jambo la ofisini, akapanga miguu, akajaribu. Akajaribu mchana mzima. Jua linashuka upande wa ziwa ndipo uliposikika ule mpasuko, pwaa, mipira ikatawanyika meza nzima kama kuku waliotupiwa jiwe, na Masatu akainua chupa yake juu. Nilipiga kelele. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo hata siku niliyopokewa kwa ndoo ya togwa nyumbani baada ya mtihani.

Mashindano yenyewe yalipoanza, hatua ya kwanza, pale Nyasho, mzee alipita. Hatua ya pili ilikuwa Bunda, kwenye baa moja ya Kabasa, na watu wa pale walikuwa hawajasahau jinsi walivyotufunga. Tulikwenda wachache: mimi, Masatu na mzee. Kabla ya kucheza mzee aliomba glasi ya maji. Nikampa. Akaiweka juu ya ukingo wa meza, akainama akayatazama maji yale usawa wa macho, kimya. Akaihamishia kona nyingine. Akainama tena. Alikuwa anataka kujua meza imelalia upande gani, basi, maana kuinyoosha alikuwa ameshaacha, sasa alitaka tu kuzijua tabia zake. Lakini fikiria wewe ni mtu wa Kabasa, unamwona mzee mwembamba mwenye kizibao cheusi anaizunguka meza yenu na maji, midomo inachezacheza. "Anaroga meza!" mtu akapiga kelele, na kabla sijaweka chini mkoba wangu tulikuwa tumezungukwa. Mwenye baa, mama mmoja mnene mwenye sauti, akaja mbele. "Mzee wangu, hayo maji ni ya nini?" "Ya kupimia, mama." "Unapima nini?" "Meza inaelekea wapi." "Kwani ya kwetu ina ubaya gani?" "Haina ubaya. Nataka tufahamiane nayo." Watu wakaguna. Yule mama akakunja mikono. "Kama ni maji tu, yanywe."

Masatu alianza kukunja mikono ya shati. Mzee Magesa akaichukua ile glasi, akainua kama anayewatakia heri, akainywa yote mpaka tone la mwisho, akajifuta mdomo na kitambaa chake. "Ahsante," akasema. "Nilikuwa na kiu. Naomba nyingine, maana bado kona mbili." Weee! Kilianza kicheko nyuma, kikaja mbele, mpaka yule mama mwenyewe akashika kiuno akicheka, akaenda kujaza glasi kwa mkono wake. Wakampisha akapima kona zote. Halafu akawafunga, mmoja baada ya mwingine, kwa upole, akiwaachia mpira mweupe sehemu mbaya mbaya nyuma ya mipira yao wenyewe mpaka wanajikuna kichwa. Wengine walisema huo ni uchoyo, mwanaume anatakiwa apige, siyo kuficha. Lakini walimpigia makofi. Baadaye walituwekea bakuli la kichuri, ile nyama yenye uchungu wa nyongo, na michembe ya viazi vitamu, na yule mama akaniuliza kwa kunong'ona kama huyu mzee ana mke. "Anaye," nikamwambia, "na yeye ndo kazi yenyewe."

Fainali ikawekwa Butiama. Sijui nani aliamua, lakini mzee alipoambiwa alikaa chini. Mwaka wake ulikuwa unaishia. Mahindi yalikuwa yamevunwa, na mama Sabina alikuwa ameshatuma ujumbe kupitia kwa mtu wa parokia kwamba chumba kimepakwa chokaa. Baa ya Butiama iliitoa meza nje, wakaifunika kwa turubai, kwenye uwanja wa udongo unaoteremka kutoka mlimani, na tulipofika nikaona moja kwa moja kwamba ile meza ya Nyasho ilikuwa malaika. Hii ilikuwa imeinama kama mtu anayesikiliza mlangoni. Mpinzani alikuwa kijana wa Tarime waliyemwita Radi, kwa jinsi alivyokuwa anapasua. Mimi mwenyewe ni wa Tarime, na yule alikuwa kijana mzuri, mrefu, mwenye adabu, alimwamkia mzee kwa mikono miwili. Moyo wangu ulikuwa na kazi siku hiyo. Bwana wa Mwanza alikuwa amekaa kwenye kochi walilolitoa ndani, miwani ya jua usoni, na uwanja ulikuwa umejaa mpaka watu walikaa juu ya ukuta wa choo.

Walichuana asubuhi yote, mara huyu, mara yule, na walipokuwa sawa, umebaki mchezo mmoja wa kuamua, nikaona watu wanajigawa kupisha mtu. Alikuwa mama mmoja mfupi, kitenge cha jumuiya, rozari mkononi, viatu vya mpira vya shambani. "Baba Sabina yuko wapi?" aliuliza. Hakuwahi kuingia baa maisha yake. Nilimpa kiti changu, nikamwamkia kwa kupiga goti, nikamwambia yuko pale mezani anacheza, subiri kidogo mama, tafadhali. Aliketi mgongo umenyooka. Mzee alimwona. Niliuona mkono wake, ule ambao haukuwahi kutetereka, ukakosa chaki mara moja. Kisha akaipaka fimbo chaki, akaendelea. Mkewe alimtazama kama unavyomtazama mtoto wa mtu mwingine. Miaka yote ile ya ndoa, na hakuwahi kumwona akicheza hata mara moja, kwa sababu klabu ile haikuwa mahali pa wake, na kijijini hakukuwa na meza.

Ulifika wakati ambapo Mzee Magesa alikuwa amebakiza ule mweusi tu, wa mwisho, unaomaliza mchezo. Radi alikuwa amebakiza mpira wake mmoja, na kwa akili kabisa, kwa akili aliyojifunza kwa kumtazama mzee mwenyewe, akausogeza mpira wake mpaka ukaziba njia. Mweupe upande huu, mweusi upande ule karibu na shimo la kona, na katikati ule mpira wa Radi umekaa kama askari. Uwanja ukaguna. "Anatakiwa afanye nini?" mama Sabina aliniuliza bila kugeuka. "Auguse huo mweusi uingie pale, mama. Lakini asiguse huo wa katikati kwanza." Akapima kwa jicho. "Sasa si haiwezekani?" Sikutaka kumdanganya mtu mzima. "Haiwezekani, mama."

Mzee hakuizunguka meza safari hii. Alisimama, akatazama mteremko, na uso wake ulikuwa umetulia kabisa, kama mtu anayesikia jina lake likiitwa kwa mbali na anajua ni nani anamwita. Akainama. Kidevu kikagusa fimbo. Akaupiga mweupe, siyo, hakuupiga, aliusukuma, upande ambao haukuwa na kitu chochote, juu kabisa kwenye ukingo wa mlimani. Watu wakasema aah, amekosea. Ule mpira ukagusa ukingo ukarudi kwa ulegevu, ukawa unakaribia kusimama, na pale hasa ulipokuwa unataka kusimama meza ikauchukua. Ule mpira mzito uliosemwa kuwa ndio tatizo lake ulianza kupinda, polepole, polepole mno, ukateremka kwa duara nyuma ya mpira wa Radi, ukaupita bila kuugusa, nafasi ya unyasi, nasikia turubai tu likipigwapigwa na upepo. Ukaubusu mweusi. Mweusi ukasogea. Ukafika mdomoni mwa shimo, ukatulia kidogo kama unafikiri, ukaingia. Kwenye meza iliyonyooka mpira ule usingepigika na mtu yeyote duniani. Nilijikuta nalia, nimemshika mkono mama Sabina, ambaye ndiyo kwanza nimekutana naye. Radi ndiye aliyekuwa wa kwanza kusogea. Alimwendea mzee akamkumbatia, akamwinua juu na kizibao chake. Ndipo uwanja ukapasuka.

Mama Sabina hakupiga makofi. Alisubiri kelele zipungue, akainuka, akaenda mpaka mezani, na watu wakampisha. Aliweka kiganja juu ya kitambaa akakipapasa. Akachungulia lile shimo. "Baba Sabina," akasema. "Naam." "Hiki ndicho ulichokuwa unafanya Musoma, miaka yote ile?" "Ndicho." "Mimi nilidhani mnagongagonga tu." Mama akakipapasa tena kile kitambaa. "Na hukuwahi kuniita nione." Hapo mzee akavua miwani, akaanza kuifuta, akashindwa kuirudisha usoni. Mama akamgeukia bwana wa Mwanza ambaye sasa alikuwa amesimama, na yeye miwani ameivua. "Wewe ndo unamtaka?" "Ndiyo, mama." "Mwanza kuna nyumba za kupanga?" "Zipo nyingi, mama." "Tutafutie yenye jiko," akasema mama Sabina. "Tunakuja wawili."

Mzee alicheza kwa kulipwa mpaka mkono wake ulipoanza kutetemeka, akifungwa na kufunga kama wachezaji wengine wote, na hakuna mechi hata moja aliyocheza ambayo mama Sabina hakuwepo.